Lenzi ya kubana kwenye simu (10x na 15x), nimeitumia kutambua vinzi vyenye mabawa ya madoa na haya ndo maoni yangu

Naanza na alama kabisa, nyota 4 kati ya 5. Ile moja niliyoikata ni ya klipu, kioo chenyewe sina neno nacho, nitafika huko.

Hii ni lenzi ndogo ya kubana juu ya kamera ya simu, ina klipu kama ya kuanikia nguo, ndani ya boksi unakuta vioo viwili, kimoja kinakuza mara 10 na kingine mara 15, kitambaa cha kufutia na kamfuko ka kuhifadhia. Nimekaa nayo msimu mzima sasa na kazi niliyoipa ni moja tu, kupiga picha vile vinzi vidogo vyenye mabawa yaliyochorwa mpaka niweze kusema huyu ni wa familia gani. Sijaijaribu kwa maua wala pete wala sarafu, kwahiyo kama unatafuta maoni ya mambo hayo hapa hutayapata.

Kama hujawahi kuvitilia maanani hivi vinzi ngoja nikueleze kidogo maana bila hivyo hutaelewa kwa nini nasifia kitu kidogo namna hii. Kwa macho matupu unaona kitu cha milimita 4 au 5 kinatembea juu ya jani, kinainua bawa la kulia kinalishusha, kinainua la kushoto, kama kinakupungia. Ukiinama ndo unaona bawa lina mistari ya kahawia, au madoa meusi, au ni jeusi zima limetobolewa vidirisha vyeupe, na macho mara nyingi ni ya kijani yanayong'aa vibaya mno. Mimi hapo ndo nilipokamatika. Ila simu peke yake ilikuwa inanipa picha ya jani zuri lenye doa la kijivu katikati, ukivuta kwa vidole inakuwa ukungu mtupu, unabaki unajua ulichokiona lakini huna cha kuonyesha.

Na kwa muda mrefu nilikuwa nawaita wote nzi wa matunda. Sio kweli na hili kosa wengi tunalifanya. Familia ya nzi wa matunda wenyewe, Tephritidae, ina spishi karibu 5,000 zilizokwisha kupewa majina, na kati ya hizo kuna kundi kubwa ambalo halijawahi kugusa tunda maishani, funza wake wanakulia ndani ya vichwa vya maua ya jamii ya alizeti, wengine ndani ya shina, wengine katikati ya ngozi mbili za jani. Halafu kuna familia nyingine kabisa ambazo nazo zimechorwa mabawa, Ulidiidae, Platystomatidae, Sciomyzidae, Sepsidae, hata baadhi ya vile vinzi vya ndizi mbivu vya Drosophilidae. Ukiangalia doa peke yake unaweza kuwachanganya wote ndani ya siku moja. Mimi niliwachanganya.

Sasa jinsi ya kuwatenganisha ndo ikawa mtihani wangu wa hii lenzi. Angalia ukingo wa mbele wa bawa, ule unaotangulia nzi akiruka. Pale pembeni pana mshipa mnene unaozunguka ukingo, unaitwa kosta, na chini yake pana mwingine mwembamba, sabkosta, unaotokea kwenye shina la bawa na kuufuata kwa karibu. Kwa Tephritidae huo mwembamba unaenda unaenda halafu ghafla unapinda kama kiwiko, karibu pembe mraba, kuelekea ukingoni, na baada ya hapo kiwiko kinafifia kabla hakijagusa ukingo vizuri. Kwa Ulidiidae na Platystomatidae hamna kiwiko, mshipa unainama taratibu na unafika ukingoni mzima mzima. Hiyo ndo tofauti. Inakaa kwenye sehemu ya bawa isiyozidi nusu milimita na mara nyingi imezama ndani ya doa jeusi, kwahiyo lenzi ambayo haikuonyeshi kiwiko kwangu mimi ni pambo, hata kama picha zake zinapendeza vipi.

Hii inakionyesha. Kwa kioo cha 10 nilikiona mara ya kwanza kwenye kinzi kilichokuwa kimetulia juu ya kishona nguo, asubuhi bado kuna ubaridi, na nilikaa nikaiangalia ile picha kwenye skrini muda mrefu kuliko nilivyotumia kuipiga. Unaona kabisa mshipa unavunjika kwenda juu. Kwa kioo cha 15 unaona na vile vijinywele vifupi vilivyopangana ukingoni. Kinzi chenyewe baadaye nilikifikisha mpaka Dioxyna, jenasi (kundi dogo la spishi) ndani ya Tephritidae, na hapo mmea ulinisaidia sana kwa sababu Dioxyna sororcula anajulikana kwa kukulia kwenye vichwa vya maua ya kishona nguo na ndugu zake, popote hilo gugu lilipofika na yeye kafika.

Lakini kuitumia kunataka kujifunza na boksi halikuelezi chochote, karatasi ya maelekezo imechora tu mkono unabana klipu. Mambo ambayo ningependa mtu angeniambia siku ya kwanza ni haya. Kioo cha 10 kinaona vizuri kitu kikiwa mbali kama sentimita 2 na nusu tu kutoka kwenye kioo, kile cha 15 ni sentimita 1 na nusu na kidogo. Sio karibu hapo, sio hapo na nusu, ni hapo hapo. Ukisubiri simu itafute fokasi yenyewe utakesha, bonyeza skrini ushikilie mpaka fokasi ifungwe halafu sogeza simu yenyewe mbele na nyuma polepole, milimita kwa milimita, huku unapiga mfululizo. Mimi kwa nzi mmoja napiga picha 30 au 40 nabakisha 3. Ukitegemea picha moja utaichukia hii lenzi ndani ya nusu saa na kosa halitakuwa la lenzi.

La pili ni kwamba simu zenye kamera nyingi nyuma zina tabia ya kuhama, ukisogea karibu yenyewe inaamua kutumia kamera ile ya picha pana, na wewe klipu umeibana kwenye kamera kubwa, kwahiyo skrini inakuonyesha ukingo wa plastiki au giza. Nilidhani lenzi imeharibika. Ingia kwenye mipangilio ya kamera uzime hiyo ya kuhama yenyewe, kama simu yako haina hiyo sehemu basi vuta kidogo mpaka mara 2 ndo inatulia kwenye kamera uliyoifunika.

Mwanga nao, yaani hapa ndo picha nyingi zinapofia. Ukiwa sentimita 2 kutoka kwa nzi simu yenyewe inamtupia kivuli. Tochi ya simu haisaidii, inapita pembeni na ikimpata inampiga mng'ao mweupe juu ya bawa mpaka mishipa yote inapotea, maana bawa ni kama nailoni. Nilichofanya nikapata afueni ni kukata karatasi nyeupe nikaitoboa katikati nikaivalisha kwenye lenzi kama kola, mwanga wa jua unarudi kutoka kwenye karatasi unamfikia nzi ukiwa umelainika. Na jua la asubuhi ni bora kuliko la mchana, kwa mwanga na kwa sababu nzi mwenyewe bado hajapata joto la kukukimbia.

Kuhusu kumkimbiza sasa. Hawa wa mabawa ya madoa ni wapole kuliko nzi wa nyumbani, wana tabia ya kutembea kwenye mmea wao na kucheza na mabawa, hawaruki mbali, mara nyingi akiruka anarudi kwenye ua lile lile. Ukisogea kwa kutokea chini au pembeni polepole anakuvumilia, ukitokea juu umempoteza. Na akikataa kabisa unaweza kumchukua ndani ya kichupa cha kung'aa, ukakiweka kwenye friji, sio kwenye sehemu ya barafu, dakika chache tu, akapoa na kutulia, ukampiga picha juu ya karatasi nyeupe, akipata joto anaondoka zake. Mimi huwa namrudisha pale pale nilipomtoa kwa sababu jike anaweza kuwa alikuwa katikati ya kutaga na mmea wake uko pale, sio pengine. Jike utamjua, nyuma ya tumbo ana kimrija kigumu kimechongoka ambacho hakiingii ndani hata akipumzika, ndicho anachodungia mmea.

Wacha nirudi kwenye lenzi na makundi mengine maana hapa ndo nimeipima vizuri.

Pembeni ya maji yaliyotuama, kwenye majani marefu, niliwapata wale wenye mabawa kama wavu, miguu ya nyuma mirefu, vipapasio vimechomoza mbele ya uso kama pembe. Hao ni Sciomyzidae na kwao hata kioo cha 10 kinatosha na kubaki, kwanza ni wakubwa kidogo halafu wanapenda kukaa kichwa chini kwenye jani bila kutikisika. Funza wao wanakula konokono, wa majini na wa nchi kavu, na ndo sababu wamewahi kufanyiwa utafiti kama njia ya kupunguza konokono wanaobeba kichocho. Nzi mmoja mdogo wa kupendeza na kazi kubwa hivyo, mimi kila nikimpata namfurahia upya.

Kwenye kinyesi cha ng'ombe kuna Sepsidae, wembamba, weusi, wana kiuno kama siafu na doa moja jeusi kwenye ncha ya kila bawa kwa wengi wao, wanatembea huku wanapunga mabawa hawatulii hata sekunde. Hapa lenzi ilinishinda nusu. Kioo cha 15 kinakutaka uwe karibu mno na wao wanazunguka, nilipata doa, nilipata kiuno, lakini ukitaka kufika kwenye spishi unatakiwa uone miguu ya mbele ya dume, ina vimiba na vibonde vyake maalumu vya kumshikia jike bawa wakati wa kupandana, na hivyo sijavipata hata kwenye picha moja iliyotulia. Familia naisema bila wasiwasi, spishi siisemi.

Ulidiidae na Platystomatidae nitawapitia haraka. Wote hawana kiwiko, wengi wana mistari, kuwatenganisha wao kwa wao kwa picha ni kazi ngumu na lenzi hii inakufikisha mlangoni tu. Isipokuwa Rivellia wa Platystomatidae, huyo ana mistari michache myeusi iliyokatiza bawa na ukimkuta anazunguka kwenye mimea ya jamii ya kunde ni dalili nzuri, kwa sababu funza wake wanaishi ardhini ndani ya vile vinundu vya mizizi ya kunde.

Na kuna yule Drosophila suzukii ambaye kila mwenye bustani ya matunda laini anamwogopa, alionekana Ulaya na California mwaka 2008 na tangu hapo ameenea sana. Dume ana doa jeusi moja karibu na ncha ya kila bawa, kwa lenzi hii ni rahisi. Jike hana doa lolote. Yeye unamtambua kwa msumeno, kile kimrija chake cha kutagia kina meno meusi ya kukatia ngozi ya tunda ambalo bado halijaiva sawasawa, na kwa kioo cha 15 niliona kwamba kuna kitu cheusi kimekwaruzika pale, lakini kuhesabu meno hapana, hapo unahitaji hadubini. Halafu dume aliyetoka kwenye ganda leo leo doa lake bado halijatokea, linakuja baada ya muda, kwahiyo ukimpiga picha mapema utasema sio yeye. Hili halina uhusiano na lenzi nzuri au mbaya lakini mtu anayenunua lenzi kwa ajili ya huyu mdudu alijue.

Sasa nitoke nje ya mada kidogo, nivumilie. Nilikuwa najiuliza hii michoro ya nini hasa. Kwa baadhi yao jibu lipo na ni zuri mno. Mwaka 1987 zilitoka tafiti mbili kwa wakati mmoja, moja kuhusu nzi anayeitwa Zonosemata vittigera na nyingine kuhusu Rhagoletis zephyria, zote zikaonyesha kwamba mistari ya bawa pamoja na ule mtindo wa kupunga inamfanya nzi aonekane kama buibui mrukaji, mistari ni miguu ya buibui. Buibui mrukaji anayekuja kuwinda akiona hivyo anadhani amekutana na mwenzake anayelinda eneo, anarudi nyuma. Wale wa Zonosemata walikata mabawa ya nzi wakambandikia ya nzi wa nyumbani yasiyo na mchoro, akaliwa. Wakambandika nzi wa nyumbani yale mabawa yenye mistari, naye akaliwa kwa sababu hajui kuyapunga. Wakamkata mwenyewe wakamrudishia yake, akanusurika kama kawaida. Yaani mchoro bila mchezo haufanyi kazi, na mchezo bila mchoro haufanyi kazi. Tangu nijue hilo huwa sipigi picha tu, natulia kwanza dakika moja namwangalia anavyopunga, halafu naweka simu kwenye video, na hii lenzi kwa video ya karibu iko vizuri kuliko nilivyotegemea mradi simu umeiegemeza kwenye kitu.

Kuna mwingine wa jangwani, Goniurellia tridens, ambaye kila bawa lake lina mchoro unaofanana na siafu mzima, kichwa, kiuno, miguu na vipapasio, picha zake zilizunguka sana intaneti. Huyo sijamwona, namtamani.

Turudi. Kitu ambacho picha nzuri haikupi ni jina la mwisho, na hapa naona watu wengi wanavilaumu vifaa bure. Mfano mkubwa ni Bactrocera, jenasi ya nzi wa matunda wenyewe. Mwaka 2003 Kenya aligunduliwa nzi mgeni wa matunda, mwaka 2005 wataalamu wakamwandika kama spishi mpya, Bactrocera invadens, akasambaa sehemu kubwa ya Afrika, kila mtu akamjua kwa jina hilo, halafu mwaka 2015 baada ya kulinganisha maumbo, vinasaba na hata kama wanazaana wenyewe kwa wenyewe, ikaamuliwa kwamba ni yule yule Bactrocera dorsalis aliyepewa jina mwaka 1912 huko Asia. Hao ni watu wenye maabara na sampuli mezani. Na bado dorsalis ana ndugu makumi wanaofanana naye. Kwahiyo mimi na lenzi yangu ya kubana nikifika Bactrocera naandika Bactrocera nasimama hapo, na naona ni jibu la heshima. Na huyu, ambaye ni hatari kwa matunda kuliko wengi, bawa lake wala halina mapambo, ni angavu kama kioo lenye ufito mmoja wa kahawia ukingoni mwa mbele na mchirizi mwingine upande wa nyuma, ukimtafuta kwa madoa hutampata. Mwenye mapambo kati ya waharibifu ni Ceratitis capitata, bawa lina fito za manjano na kahawia na vidoa vidogo vidogo kwenye shina la bawa, mgongo wa kifua una mabaka meusi ya kung'aa, na dume ana vinywele viwili mbele ya kichwa vilivyoishia na kijibamba cheusi chenye umbo la almasi. Hicho kijibamba kwa kioo cha 10 kinaonekana wazi kabisa. Ukikipata, mjadala umekwisha.

Kuhusu programu za simu zinazokuambia jina ukiipa picha, mimi natumia lakini kwa kipimo. Moja, sitaitaja, ilinipa jina la spishi kamili kwa nzi ambaye hana hata kiwiko, ikamweka Tephritidae kwa sababu ya mistari tu. Niliamini, nikamwambia na rafiki yangu anayelima kwamba ana tatizo kwenye matunda yake, akaanza kuhangaika, na kumbe alikuwa ni Ulidiidae wa kula vitu vilivyooza. Iliniuma sana. Tangu hapo picha ya mshipa inakuja kwanza, jina la programu linakuja baadaye kama pendekezo. Ukitaka watu wenye ujuzi wakusaidie wapelekee picha nne za nzi mmoja, ya juu mabawa yakiwa yamefunguka, ya ubavu, ya uso, na ya bawa lenyewe karibu, pamoja na picha ya mmea aliokuwa amekaa na rula ya milimita mahali fulani. Mmea usiusahau. Urophora cardui kwa mfano ana mstari mweusi mzito kwenye bawa kama herufi W, lakini kinachokuhakikishia ni uvimbe anaousababisha kwenye shina la gugu la miiba linaloitwa Cirsium arvense, mpaka watu walimpeleka Amerika ya Kaskazini kwenye miaka ya 1970 makusudi apunguze hilo gugu.

Sasa klipu. Mpira wa ndani wa klipu ni laini mno, baada ya kama miezi miwili ukaanza kuteleza, na lenzi ikiteleza hata milimita moja kutoka katikati ya kamera upande mmoja wa picha unakuwa giza na upande wa pili unatoa kingo za zambarau. Unapanga vizuri, unainama kwenye ua, klipu inagusa jani, imehama. Nimepoteza nzi wazuri kwa hilo, mmoja alikuwa na bawa jeusi lenye vidirisha vitatu vyeupe ambaye sijamwona tena. Pia kama simu yako ina kava nene lazima uvue, na kama kamera zako zimeinuka kama kisiwa klipu haikai sawa. Nimeizungushia mpira wa bendi sasa imetulia, lakini kitu cha kununua kisingepaswa kufungwa na bendi. Hiyo ndo nyota niliyoikata, na sikuikata kwa hasira.

Kingo za picha pia zinalegea, katikati ni safi, pembeni ni ukungu wenye rangi rangi, kwa kioo cha 15 zaidi. Kwa kazi hii hainisumbui, nzi namweka katikati na bawa la milimita 5 linaingia lote sehemu safi kwa kioo cha 10. Mtu wa kupiga picha za vitu bapa kama stempu ataona kero.

Nimelinganisha na kioo cha mkononi cha 10, kile cha kukunja wanachotumia watu wa mimea na mawe. Kwa kuona tu kwa jicho, kioo cha mkononi ni safi zaidi, kiwiko unakiona kwa uangavu ambao simu haitoi. Lakini ukikitoa jichoni umebaki na kumbukumbu, hamna wa kumwonyesha, na nzi hakusubiri ulinganishe na mchoro. Mimi sasa natembea na vyote viwili, kioo shingoni kwa kamba, lenzi mfukoni, namwangalia kwanza halafu nampiga.

Kama unachagua kati ya vioo viwili vya humu ndani, zoea cha 10 kwanza, kaa nacho hata mwezi, cha 15 ukiguse mkono ukishatulia. Na zipo za kubana zinazouzwa kwa kukuza mara 25, hizo zinakutaka uwe kama sentimita 1 tu kutoka kwa mdudu, kwa nzi aliye hai sioni mtu akifanikiwa bila friji. Kwa wale Sepsidae na miguu yao ya mbele nadhani ndo nitakayolazimika kuitafuta, nikiipata na nikafanikiwa kuwapoza bila kuwaumiza nitarudi hapa niongeze.